Kipya Kinyemi: Kwa Nini Redio Haitulii Nyumbani?



Wiki chache zilizopita nilikuwa stendi ya Korogwe nikingojea gari la Handeni. Pembeni yangu alisimama kijana mmoja amekumbatia sabufa, ile redio yenye boksi kubwa la besi na spika mbili ndogo za pembeni. Alikuwa akiipeleka kwa fundi mmoja pale mjini, akaibadilishe kwa kubwa zaidi na kuongeza hela kidogo juu. Mama yake alikuwa amefuatana naye, na swali lake kwa mwanawe lilikuwa moja tu, tena kwa upole: "Mwanangu, hii ilikuwa na ubaya gani?" Kijana akajibu, "Haina ubaya, mama. Ila ipo kubwa zaidi."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile nililisikia nikiwa mtoto, likiulizwa na bibi yangu kwa baba yangu mkubwa. Na baba mkubwa naye alitoa jibu linalofanana na la kijana yule, ingawa wakati huo jambo lenyewe lilikuwa la redio ya mbao na redio ya transista.

Wahenga walisema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kwa methali hiyo tumezoea kumhukumu kila anayebadili redio yake: ana tamaa, ana majivuno, hajui kuweka akiba. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Leo napenda tuitazame historia ya vyombo vya sauti katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga, Korogwe na Handeni, tuone kama tamaa peke yake inatosha kueleza kwa nini redio haitulii nyumbani.

Tuanze na reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, enzi za Wajerumani. Miaka tisa kabla ya hapo, yaani 1893, Mjerumani Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea mpaka Ngombezi, Magunga, Hale na kwingineko, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge kwa mwaka.

Mkonge ulileta watu. Hawa ndio walioitwa manamba, waliotoka Kigoma, Songea, Njombe, na wengine nje ya mipaka yetu, Burundi na Msumbiji. Mtu alifanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa na nafasi za siku 30, na siku hizo zikijaa ndipo alipwe. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa fedha taslimu, na fedha taslimu kijijini lilikuwa jambo geni. Handeni, umbali wa kilomita kama 65 tu kwa barabara, hali ilikuwa tofauti. Mkulima wa Kizigua alitegemea mahindi yake, na mahindi yalitegemea mvua isiyo na uhakika. Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa moja tu katika mfululizo wa njaa zilizoiandama wilaya hiyo. Kwa hiyo Korogwe ilikuwa na mshahara kila kipande kilipojaa, na Handeni ilikuwa na fedha kila mvua ilipopenda. Likumbuke jambo hili, ndugu msikilizaji, tutalirudia.

Chombo cha kwanza kutamaniwa na mtu wa mshahara kilikuwa santuri, au gramafoni. Mmarekani Thomas Edison aliunasa sauti ya binadamu kwa mashine mwaka 1877, na miaka kumi baadaye Emile Berliner akatengeneza mashine ya kupiga sahani bapa. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na sahani zake zikasikika mwambao mzima. Santuri haikuhitaji umeme. Ilizungushwa kwa mkono, kama saa inavyojazwa ufunguo, ndiyo maana iliweza kukaa katika kambi ya manamba sawasawa na katika nyumba ya bwana shamba.

Lakini santuri ilikuwa na ugonjwa wake. Kila upande wa sahani ulidumu kama dakika tatu tu. Sindano yake ya chuma ilitakiwa ibadilishwe kila upande ulipokwisha. Wengi, kwa kubana matumizi, waliitumia mpaka ikawa butu, na sindano butu hula sahani. Sahani yenyewe ilidondoka mara moja ikawa vipande. Kwa maneno mengine, chombo kilikuwa kinajila chenyewe. Mwenye santuri hakuweza kutulia hata kama angependa, maana kila alipoburudika alikuwa akipunguza mali yake. Hiyo ni sababu ya kwanza, wala haina uhusiano na tamaa.

Sababu ya pili inakuja na redio. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za mwanzo zilikuwa masanduku ya mbao yenye taa za kioo ndani, zikila betri kubwa ghali. Kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mwaka 1949 ilitolewa redio ya bei nafuu iliyofungwa katika umbo la sufuria, ikiuzwa pauni 5, ili Mwafrika wa kawaida aweze kuinunua. Hata hivyo pauni 5 zilikuwa fedha nyingi kwa mtu wa kipande.

Kilichobadili mambo ni transista, kipande kidogo kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Kufikia mwaka 1954 na 1955 redio za transista zilikuwa zimeingia sokoni Marekani na Japani, na miaka michache baadaye zikafika kwetu. Sasa redio ilibebeka mkononi, ikaridhika na betri nne au sita za tochi.

Hapo ndipo baba yangu mkubwa, aliyekuwa karani katika shamba moja la mkonge Korogwe, alipoitoa redio yake ya mbao na kununua transista. Bibi akamwuliza swali lile. Na kwa kweli bibi alikuwa na hoja, kwani kwa uzuri wa sauti redio ya mbao ilikuwa bora. Transista ilikuwa na spika ndogo kama kisosi, ikilia kwa pua. Lakini baba mkubwa hakununua sauti, alinunua habari. Ile ya mbao ilikaa kimya wiki mbili kati ya nne kwa kukosa betri. Nchi ilikuwa inaelekea Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, na mtu hakutaka kusikia mambo ya nchi yake kwa kuhadithiwa na jirani. Alitembea nayo shambani, akaitundika kwenye mpini wa baiskeli. Tunajifunza hapa kwamba mtu hubadili chombo hata kwa kupoteza ubora, mradi chombo kipya kimletee kile anachokihitaji wakati huo.

Tuje miaka ya 1970. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, na bei ya mkonge duniani ilikuwa imeshaanza kuanguka kwa ushindani wa kamba za plastiki. Wakati huo huo redio ilifanywa mwalimu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, nchi nzima. Philips walikuwa na kiwanda cha redio Arusha, na betri za National zilitengenezwa Dar es Salaam. Nani kati yetu wa umri wangu asiyekumbuka betri zilizoanikwa juani juu ya bati, zikingojewa zipate nguvu ya kufikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku?

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Kituo cha kufua umeme wa maji cha Hale, ndani ya Wilaya ya Korogwe, kilizinduliwa mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Nguzo zilipita juu ya vijiji, lakini umeme ukaenda mijini na viwandani. Watu waliolala wakisikia ngurumo ya maji yale waliendelea kuanika betri kwa miaka mingi. Kwa watu hao, kubadili redio hakukuwa anasa. Redio iliyokula betri sita ikibadilishwa kwa ile inayokula mbili, nyumba ilikuwa imeokoa fedha ya chumvi na sabuni.

Kisha ikaja kaseti. Kampuni ya Philips iliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na hapa kwetu ilishamiri baadaye kidogo. Kwa nini watu waliikimbilia kiasi kile? Wengi hudhani ni kwa sababu ilikuwa ndogo na haivunjiki. Ni kweli, lakini si hilo tu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Bendi zetu, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga, Morogoro Jazz na nyinginezo, zilirekodi ama Nairobi, ama katika studio ya Radio Tanzania. Zile za Nairobi zilikuja madukani zikiwa sahani. Zile za Radio Tanzania zilipigwa hewani, basi. Hukuweza kwenda dukani ukainunua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Njia ya sahani za Nairobi nayo ikaziba.

Sasa fikiria mpenzi wa muziki pale Korogwe. Wimbo anaoupenda anausikia redioni mara moja kwa wiki, kama bahati ipo, na dukani haupo. Redio kaseti ilimpa kidole cha kubonyeza: wimbo ukianza, ananasa. Kwa mara ya kwanza msikilizaji akawa na uwezo wa kuushika wimbo usikimbie. Aliyeuza transista na kuongeza akiba ya mwaka mzima ili apate redio kaseti alikuwa na akili timamu kabisa.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 maduka yalikauka. Mwaka 1983 ilipopigwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, wako waliozika redio shambani au kuzitupa mtoni, kwa hofu ya kuulizwa stakabadhi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, na kuanzia 1985, enzi za Mzee Mwinyi zilizoitwa enzi za ruksa, mizigo ya Dubai na Unguja ikamiminika. Redio kaseti zenye midomo miwili zikawa mahari, zikawa zawadi ya harusi, zikawa picha ya kupigwa nayo studio. Hapa, ndugu msikilizaji, majivuno yalikuwepo, siwezi kukanusha. Vijana waliweka spika ndani ya mtungi ili besi ivume, na mtaa mzima ujue nani amerudi kutoka mjini.

Lakini hata hapo, majivuno yalikwenda pamoja na jambo jingine ambalo wengi wetu wa mjini hatulioni. Nimeomba ukumbuke kwamba Handeni fedha huja mvua ikipenda. Mkulima wa mahali pa namna hiyo, mwaka wa neema, aweke wapi thamani ya magunia yake? Benki iko mbali, fedha inapungua thamani, mahindi yanaliwa na wadudu. Ananunua mbuzi, baiskeli, bati, na redio. Mwaka wa ukame redio inashuka kutoka kwenye kabati na kuuzwa. Mwaka wa mvua inanunuliwa nyingine. Tukipita njiani tunaona mtu anayebadili redio mara tatu katika miaka kumi, tunasema hatulii. Kumbe mvua ndiyo isiyotulia.

Na redio inayouzwa haifi. Inatoka Dar es Salaam ikaenda Korogwe, ikatoka Korogwe ikaenda Handeni mjini, ikatoka hapo ikaingia Kwediboma au kijiji cha ndani zaidi. Kila mahali inapofika ni mpya. Katikati ya safari hiyo yuko fundi, anayechomea waya, anayetoa moyo wa redio moja na kuutia katika nyingine. Bila yule anayebadili mjini, wa kijijini asingepata redio kwa bei anayoimudu.

Kuanzia mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza na masafa ya FM yakaenea, redio nyingi zilizokuwa na masafa mafupi na ya kati pekee zikawa kama viziwi. Baadaye ikaja sahani ya CD, ambayo ilikuwa imeingia sokoni duniani tangu 1982, kisha simu, kadi ya memori na flashi. Kila hatua ilikifanya chombo kizima, kisicho na kasoro hata moja, kiwe hakina kazi. Mwenye chombo hakubadilika. Dunia ndiyo iliyohama, naye akalazimika kufunga mizigo.

Basi tumrudie kijana wa stendi. Yeye habadilishi kwa sababu ya betri; umeme anao. Habadilishi kwa sababu ya habari au FM, anavyo vyote. Yeye anataka kubwa zaidi. Hapa ndipo methali ya wahenga inapopata nafasi yake, na ni vizuri tuseme ukweli wa kitaalamu. Sikio huzoea. Besi iliyokutetemesha Jumamosi, Jumamosi nne baadaye ni ya kawaida. Tena nguvu ya sauti haiendi kama bei inavyokwenda. Ukitoka wati 50 ukanunua za wati 100, sikio litasikia ongezeko dogo tu. Ili sauti isikike kubwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo anayelipa mara mbili akitarajia raha mara mbili, atarudi kwa fundi kabla mwaka haujaisha. Ugonjwa huu si wa Korogwe peke yake. Ulaya, Marekani na Japani wako matajiri wanaobadilisha spika na hata nyaya kila mwaka, wakitafuta sauti safi isiyopatikana. Nao wana kichekesho chao: sikio la binadamu hupoteza sauti nyembamba za juu kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo mtu akishapata fedha ya kununua mashine iliyo bora, sikio la kuisikilizia limeshachakaa.

Je, kuna hasara gani? Mtu na fedha yake, tutasema. Ipo hasara moja ambayo mimi naijua, na ndiyo iliyonifanya nisicheke pale stendi.

Baba mkubwa, baada ya transista, alinunua redio kaseti. Siku moja, kwa kujaribu tu kama inanasa vizuri, aliiweka mbele ya bibi na kumwomba atoe hadithi. Bibi akatoa hadithi za Kizigua, upande wote wa kaseti, akicheka katikati na kutukemea sisi watoto tuliokuwa tukipiga kelele. Miaka ikapita, bibi akafariki. Redio kaseti ikauzwa ili ipatikane ya CD, na ile ya CD ikauzwa ili ipatikane ya flashi. Kaseti zilibaki ndani ya boksi chini ya kitanda. Hakuna aliyezitupa, hakuna pia aliyekuwa na cha kuzipigia. Nilipokuja kuziulizia, nikaambiwa vijana walizichomoa zile tepu wakazifunga kwenye vijiti vya shamba la mpunga. Upepo ukipita tepu huvuma, na ndege huogopa.

Nilikwenda shambani. Zilikuwa zinavuma kweli. Sikuweza kujua ni ipi yenye hadithi za bibi na ipi yenye muziki wa dansi.

Sikumlaumu mtu, na hata leo silaumu. Kila aliyebadili chombo katika nyumba ile alikuwa na sababu yake, na nyingi zilikuwa sababu nzuri, kama nilivyozieleza. Kosa letu lilikuwa moja: tulibadili mashine, hatukuhamisha sauti. Tulidhani sauti imo ndani ya kaseti kama nafaka ilivyomo ghalani. Kumbe kaseti bila mashine ni ghala lisilo na mlango.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana wa Korogwe, na kwako wewe uliyeko Kariakoo, Ngamiani au Mwanza, si kwamba usibadilishe. Utabadilisha tu, na ukitaka kubadilisha usimsikilize muuzaji anayekuhesabia wati. Lakini kabla hujamkabidhi fundi ile ya zamani, kaa nayo jioni moja. Tazama ndani ya droo na chini ya kitanda una nini ambacho ni hiyo tu inayoweza kukisema. Kikiwepo, mafundi wa kuhamisha kaseti kwenda kwenye flashi bado wapo mijini, na gharama yake ni ndogo kuliko ya sabufa. Na kama una mzee nyumbani ambaye sauti yake haijanaswa popote, simu iliyoko mfukoni mwako inatosha. Mwamkie, mpe kiti, mwombe hadithi.

Gari la Handeni lilipofika nilimwona kijana akiingia kwa fundi. Mama yake alibaki nje, kwenye kivuli, akimngojea.